Damu Inajua Nini Kuhusu Ubongo?

"Daktari, kwani hamwezi kumpima damu tu mkaona?"

Swali hili huulizwa na mtoto aliyemleta mama yake kliniki kwa sababu siku hizi mama anapotea njia aliyoipita maisha yake yote, au anauliza jambo lile lile mara nne ndani ya saa moja. Ni swali la haki kabisa. Malaria huonekana kwenye damu, kisukari huonekana, figo zikianza kuchoka huonekana. Kusahau nako kwa nini kusionekane?

Kwa zaidi ya miaka mia jibu lilikuwa hapana. Alois Alzheimer, daktari wa Ujerumani, alipoueleza mwaka 1906 ugonjwa wa kusahau uliokuja kubeba jina lake, alikuwa anachungulia kwa hadubini vipande vya ubongo wa mgonjwa aliyekwisha kufariki. Baadaye madaktari walipata njia mbili za kuuona ugonjwa huo mgonjwa akiwa hai. Moja ni sindano ya mgongoni inayotoa maji ya uti wa mgongo, ambayo Heinrich Quincke wa Ujerumani alikuwa ameianzisha tangu 1891 kwa shughuli nyingine. Ya pili ni skani ya PET: mgonjwa huchomwa dawa yenye mnururisho kidogo, dawa ikanata kwenye mabonge ya protini ubongoni, mabonge yakang'aa kwenye picha. Zote mbili zinafanya kazi vizuri. Ila ya kwanza watu wanaiogopa, na ya pili ni ghali na mashine zake ni chache.

Sasa jibu la yule mtoto limekuwa "ndiyo, lakini". Nitaikalia zaidi hiyo "lakini", maana hapo ndipo watu wanapojikwaa, madaktari wakiwemo.

Ukuta, na kinachopenya

Mwaka 1885 Paul Ehrlich alichoma rangi kwenye damu ya wanyama. Ini likashika rangi, misuli ikashika, figo zikashika. Ubongo na uti wa mgongo vikabaki kama vilivyokuwa. Miaka mingi baadaye mwanafunzi wake, Edwin Goldmann, aliligeuza jaribio: akaiweka rangi kwenye maji yanayouzunguka ubongo. Safari hii ubongo ukashika rangi, na mwili uliobaki haukushika. Kumbe katikati pana ukuta. Mishipa ya damu iliyomo ubongoni imeshonwa kwa karibu mno kiasi kwamba vitu vingi havipiti, si kuingia wala kutoka.

Kwa hiyo kinachofika kwenye damu kutoka ubongoni ni chembe tu. Tuangalie hesabu yake. Mililita moja ya plazima, yaani umajimaji wa damu baada ya chembe nyekundu na nyeupe kuondolewa, ina takriban miligramu 40 za albumini, protini inayotengenezwa na ini. Katika mililita hiyo hiyo, protini ya neva inayoitwa nyurofilamenti nyepesi, ambayo wataalamu huiandika NfL, ni takriban pikogramu 10 kwa mtu mzima mwenye afya. Pikogramu ni gramu moja iliyogawanywa mara trilioni. Maana yake kila pikogramu moja ya NfL imezungukwa na pikogramu bilioni 4 za albumini peke yake, na albumini ni protini moja tu kati ya maelfu yaliyomo humo.

Mashine za zamani zilikuwa zikipima ukali wa rangi katika kishimo kimoja cha sahani. Kiasi kidogo namna hiyo hakikutoa rangi ya kuonekana. Wazo lililofungua njia lilitoka kwenye maabara ya David Walt nchini Marekani, likachapishwa 2010: acha kupima rangi, anza kuhesabu. Shanga ndogo sana za sumaku zilizopakwa kingamwili, yaani protini za kinga ambazo kila moja hunata kwenye shabaha yake tu, hunasa protini inayotafutwa, kisha humwagwa juu ya sahani yenye maelfu kwa maelfu ya vishimo, kila kishimo kinatosha shanga moja tu. Shanga iliyonasa protini inawaka, isiyonasa inabaki giza. Kazi iliyobaki ni kuhesabu taa. Leo zipo mbinu nyingine zinazofika kiwango hicho, nyingine zikitumia mashine za kawaida za maabara kubwa, lakini huko kuhesabu taa ndiko kulikowaaminisha watu kwamba jambo hili linawezekana.

Moshi usiotaja nyumba

NfL ni sehemu ya nguzo zinazoishikilia neva kwa ndani. Neva ikiumia, nguzo humwagika, na sehemu yake huishia kwenye damu. Hupanda baada ya kiharusi. Hupanda mtu akigonga kichwa. Hupanda katika ugonjwa wa MS, ambao kinga ya mwili inakula ganda la neva, na hupanda sana katika ALS, ugonjwa unaoziua neva zinazoendesha misuli. Hupanda kwa umri tu, bila ugonjwa wowote. Hupanda figo zikishindwa kusafisha damu. Na kwa mtu mwenye mwili mkubwa huonekana ndogo kuliko ilivyo, kwa sababu damu yake ni nyingi na protini imesambaa humo.

Ni moshi, basi. Unajua kuna kinachoungua, hujui ni kwa nani. Ndiyo maana mtu akiniambia "NfL yangu iko juu" bila neno jingine, sina la kumwambia zaidi ya kumuuliza: ulipimwa ili kujua nini?

Swali likiwa zuri, moshi huo unasaidia sana. Mfano mmoja ni wa mtu wa miaka hamsini hivi aliyebadilika tabia: alikuwa mpole, sasa anatukana wageni, anatumia pesa ovyo, hajali. Huenda ni ugonjwa wa akili unaotibika kwa dawa, au ni dimensia, yaani kuharibika kwa akili neva zinapokufa, ya sehemu ya mbele ya ubongo. Kwa macho vinafanana mno. NfL ikiwa ya kawaida kwa umri wake, mizani inaelemea upande wa ugonjwa wa akili. Ikiwa juu sana, neva zinakufa na uchunguzi uendelee. Mfano mwingine ni wa kumfuatilia mtu yule yule kwa miezi, ukiilinganisha damu yake na damu yake mwenyewe. Mwezi Aprili 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha kwa njia ya haraka dawa ya tofersen kwa wagonjwa wa ALS wenye kasoro katika jini la SOD1. Katika jaribio kuu, dawa haikuonyesha tofauti ya wazi katika uwezo wa wagonjwa kufikia wiki ya 28. Kilichoshuka ni NfL kwenye damu, na FDA ikakubali kushuka huko kuwa dalili ya kutosha kwamba huenda dawa inafanya kazi. Wapo waliosema imeharakishwa. Kwangu mimi ulikuwa uamuzi wa kijasiri lakini wa mantiki, kwa ugonjwa usiompa mtu muda wa kusubiri.

Anwani 217

Alzheimer ina alama zake maalumu, mbili. Kuna amiloidi, inayojikusanya mabonge nje ya neva, na kuna tau, inayojisokota ndani yake. Watu walianza na amiloidi, wakavunjika moyo. Katika maji ya uti wa mgongo, amiloidi ya aina ya 42 hushuka karibu nusu kwa mgonjwa, kwa sababu imenaswa kwenye mabonge. Kwenye damu hushuka asilimia 10 hadi 20 tu, maana amiloidi hutengenezwa pia sehemu nyingine za mwili na hiyo ya nje huifunika ile ya ubongoni. Tofauti ndogo hivyo, kosa dogo la maabara linatosha kumhamisha mtu kutoka upande wa wazima kwenda upande wa wagonjwa.

Tau ndiyo iliyookoa jahazi, hasa ile inayoandikwa p-tau217. Namba hiyo ni kama anwani: asidi-amino ya 217 katika mnyororo wa tau, mahali ambapo fosfeti hubandikwa mabonge ya amiloidi yakianza kuisumbua neva. Kwa mwenye mabonge hayo, p-tau217 kwenye damu huongezeka maradufu au zaidi. Huo ni mlio unaosikika hata penye kelele.

Nchini Sweden watafiti waliwafuatilia watu 1,213 waliofika kwa madaktari wakilalamika kusahau, na matokeo yakachapishwa 2024. Madaktari wa huduma ya msingi, wakitumia mazungumzo, majaribio ya kumbukumbu na picha za kawaida, walipatia katika asilimia 61 ya wagonjwa kama ni Alzheimer au siyo. Mabingwa walipatia asilimia 73. Kipimo cha damu kilichounganisha p-tau217 na amiloidi kilipatia takriban asilimia 91. Mei 2025 FDA ikaruhusu kwa mara ya kwanza kipimo cha damu cha Alzheimer, Lumipulse cha kampuni ya Fujirebio, kwa watu wa miaka 55 kwenda juu walio na dalili. Katika watu 499 waliochunguzwa, asilimia 91.7 ya waliopata majibu chanya walikuwa kweli na mabonge kwa skani au kwa maji ya uti wa mgongo, na asilimia 97.3 ya waliopata hasi hawakuwa nayo. Chini ya mmoja kati ya watano waliangukia katikati, penye jibu la "hatujui": hao huendelea na sindano ya mgongo au PET kama zamani. Kuna wanaoliona eneo hilo la kati kuwa udhaifu wa kipimo, lakini mimi nakiamini zaidi kipimo kinachokubali kusema hakijui.

Watu elfu moja, mara mbili

Zingatia maneno "walio na dalili". Hayakuwekwa kwa upole wa kisheria.

Tuseme tuna kipimo kizuri: kati ya wagonjwa 100 kinawakamata 90, na kati ya wazima 100 kinawaachia 90 na kuwasingizia 10. Kipeleke kwenye kliniki ya kumbukumbu, kwa watu 1,000 ambao nusu yao wana Alzheimer kweli. Wagonjwa 500 watatoa majibu chanya 450. Wazima 500 watatoa chanya za uongo 50. Jumla chanya 500, na 450 ni za kweli. Daktari akikwambia "chanya", ana haki ya kuamini kwa asilimia 90.

Sasa chukua kipimo hicho hicho, mashine hiyo hiyo, mtaalamu huyo huyo, uwapime watu 1,000 wasio na tatizo lolote, waliokuja kwa udadisi tu, ambao 50 kati yao wana ugonjwa. Utawakamata 45. Lakini wazima ni 950, na asilimia 10 yao ni 95. Jumla chanya 140, na za kweli ni 45. Theluthi mbili ya walioambiwa "chanya" wamesingiziwa. Wanarudi nyumbani kuandika wosia kwa ugonjwa wasiokuwa nao.

Kipimo hakikuharibika njiani. Waliobadilika ni watu waliopimwa. Kila nikiona tangazo la kupima damu "ujue hatari yako mapema", naitafuta hesabu hii na siioni.

Kuna shida nyingine ambayo hata kipimo kisichokosea kamwe hakiitatui: kuwa na mabonge si lazima kuwe kuugua. Uchambuzi mkubwa wa 2015 ulionyesha kwamba kati ya watu wenye akili timamu, karibu asilimia 10 walikuwa na amiloidi ubongoni katika umri wa miaka 50, na asilimia 44 katika miaka 90. Wengi wao watafariki kwa sababu nyingine bila kusahau hata jina la jirani. Je, tuwaite wagonjwa? Jopo lililoitishwa na Chama cha Alzheimer cha Marekani lilisema mwaka 2024 kwamba ugonjwa ni ule ulioko ubongoni, kwa hiyo kipimo kikithibitisha, mtu anao hata kama hana dalili. Kundi jingine la kimataifa la mabingwa likapinga mwaka huo huo: bila dalili, mtu yuko hatarini tu, hajaugua. Mimi niko na kundi la pili, angalau hadi itakapopatikana dawa ya kumpa huyo asiye na dalili. Dawa zilizopo, lecanemab na donanemab, zimeidhinishwa kwa walioanza kuonyesha dalili, na zinaweza kusababisha uvimbe au uvujaji wa damu ubongoni.

Na p-tau217 nayo si mali ya Alzheimer pekee. Utafiti wa 2025 ulikuta watoto wachanga, waliozaliwa muda si mrefu, wana p-tau217 nyingi kwenye damu kuliko hata wagonjwa wa Alzheimer. Ubongo unaojijenga unaitumia protini ile ile, bila madhara. Ndani ya miezi michache hushuka. Wagonjwa wa ALS nao wameonekana kuwa nayo juu, na inaonekana inatoka kwenye misuli inayonyauka. Figo mbovu pia huipandisha.

Pale "hapana" inapokuwa jibu zuri

Kwa waliogonga kichwa, mambo ni mepesi zaidi kueleza. Mwaka 2018 FDA iliruhusu kipimo cha protini mbili: GFAP, inayotoka kwenye seli zenye umbo la nyota zinazozilea neva, na UCH-L1, inayotoka kwenye neva zenyewe. Mtu mzima aliyeumia kidogo kichwani akipimwa ndani ya saa 12 na zote mbili ziko chini, uwezekano wa kuwa na damu inayovuja inayoonekana kwenye CT, skani ya eksirei ya kichwa, ni mdogo sana, na anaweza kuepushwa na mionzi. Majibu yakiwa chanya hayakuambii kitu kikubwa; unakwenda CT kama ambavyo ungekwenda. Kazi yote ya kipimo hiki iko kwenye hasi.

Halafu yapo magonjwa ambayo damu inatoa jibu lenyewe, na ajabu ni kwamba hayatajwi kwenye makelele ya siku hizi. Ni yale ambayo kinachoushambulia mwili kinazunguka ndani ya damu. Katika maiasthenia gravis, ambayo kope hulegea kadiri siku inavyokwenda na kutafuna huchosha, kingamwili dhidi ya kipokezi cha asetilikolini, mahali ambapo msuli hupokea amri ya neva, hupatikana kwa takriban wagonjwa 85 kati ya 100 ambao ugonjwa umeenea mwilini. Mwaka 2004 watafiti wa Mayo Clinic na wenzao wa Japani walieleza kingamwili inayopatikana kwa wagonjwa wa NMO, ugonjwa unaopofusha na kupoozesha, ambao kwa miongo mingi ulichanganywa na MS. Mwaka uliofuata ilijulikana inakolenga: akwaporini-4, mlango wa maji kwenye zile seli za nyota. Kuutenganisha na MS kuna uzito, maana interferoni-beta, dawa ya MS, inaweza kumzidishia ugonjwa mwenye NMO. Hapo damu haikupi moshi wala alama ya mguu. Inakuonyesha mhalifu mwenyewe, na inaamua dawa.

Chupa yenye kifuniko cha zambarau

Tuifuate damu ya mama kidogo. Inaingia kwenye chupa yenye kifuniko cha zambarau, iliyowekwa EDTA ili isigande. Muuguzi anaipindua polepole mara kadhaa, haitikisi. Inaingia kwenye mashine ya kuzungusha, na inapotoka imejigawa: chini chembe nyekundu zimelala kama matope, juu kuna plazima ya rangi ya majani makavu. Hiyo ya juu hunyonywa na kuhamishiwa kwenye kichupa kingine, kisha kwenye barafu.

Kila hatua hapo inaweza kuzaa mgonjwa. Damu ikikaa mezani saa nyingi kabla ya kuzungushwa, amiloidi hupungua, huku p-tau217 ikivumilia zaidi. Amiloidi pia hunata kwenye plastiki: kila ukiihamisha kichupa, nyingine inabaki ukutani. Sasa kumbuka kwamba kipimo kile cha Lumipulse ni uwiano, p-tau217 ikigawanywa kwa amiloidi 42. Amiloidi ikipotea mezani, kigawanyo kimepungua, uwiano umepanda, na mtu anaonekana kuelekea upande wa ugonjwa kwa sababu ya uzembe wa asubuhi moja.

Kwa Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa, zile chembe nyekundu zenyewe ndizo kikwazo. Protini inayotafutwa ni alfa-sinukleini, na zaidi ya asilimia 99 ya alfa-sinukleini iliyomo kwenye damu imo ndani ya chembe nyekundu, haina uhusiano na ubongo. Chembe chache zikipasuka kwenye sindano, umepima damu ukadhani umepima ubongo. Ndiyo maana mafanikio makubwa hapa bado yako kwenye maji ya uti wa mgongo: utafiti wa 2023 uliohusisha watu 1,123 uliwatambua karibu wagonjwa 88 kati ya 100 kwa kuiacha sinukleini iliyoharibika iharibu nyingine ndani ya kishimo hadi ionekane. Kuihamishia mbinu hiyo kwenye damu kunaendelea kujaribiwa.

Na mama je? Akiwa ana dalili, umri wake unaruhusu na figo zake zinajulikana, p-tau217 inaweza kumwondolea sindano ya mgongo. Lakini kabla yake kuna karatasi nyingine ya maabara, ya kizamani, isiyoandikwa magazetini: vitamini B12, homoni za tezi ya shingoni, sodiamu, sukari, kaswende, VVU. Vyote ni vipimo vya damu, na vyote vinaweza kueleza kusahau. Mwenye upungufu wa B12 husahau, hupata ganzi miguuni, huyumba gizani, na sindano za vitamini hiyo zikianza mapema, hali inaweza kurudi nyuma. Mtoto aliyeuliza swali lile hushangaa daktari anapoanza na hivyo, na hushangaa zaidi anapoambiwa kwamba kesho, kabla ya sindano yoyote, alete mfuko wenye dawa zote anazomeza mama, zikiwemo zile za usingizi na za mafua zinazosinzisha.